Jumapili ya Gwakisa

Watoto wanaopanda basi la shule la Bupe Mwaisaka, kule Lanham, Maryland, humjua kama mama asiye na maneno mengi. Huwasalimu, huhakikisha wamekaa, hufunga mlango. Hawajui kwamba akisimama kwenye taa nyekundu kidole chake hugonga usukani mara nane, hupumzika, kisha hugonga tena mara nane. Anapima mizani ya shairi.

Mwisho wa mwezi matokeo ya kugonga huko hutoka kwenye Jirani, gazeti la kurasa nne analolichapa Eliudi nyuma ya duka lake la kusafirisha mizigo. Hugawiwa bure makanisani, msikitini na kwenye maduka yanayouza unga wa ugali na dagaa. Ukurasa wa tatu ni wa Bupe. Ameandika juu ya harusi ya Gaithersburg iliyotangazwa saa nane mchana, bibi harusi akatokea jua limeshazama. Ameandika juu ya tozo za barabara ya 95. Ameandika juu ya theluji nyembamba kama chumvi ya mezani iliyofunga shule zote za wilaya, na juu ya mwenyekiti wa jumuiya aliyemaliza muda wake akasahau kuondoka.

Ukurasa huo una kanuni moja ambayo hakuna aliyeiandika popote. Ukisemwa, unajibu. Unajibu kwa vina vilevile alivyotumia aliyekusema, na mhariri lazima aliweke jibu lako kando ya shairi lililokusema, kwa herufi za ukubwa uleule. Kama huwezi kutunga, mwingine anakutungia. Yule mwenyekiti msahaulifu alitungiwa na mke wake, na jibu lilikuwa kali hata Bupe mwenyewe akalikata gazetini akalibandika kwenye friji.

Hasimu wake mkubwa alikuwa Aketch, nesi Mkenya wa Woodbridge. Walikuwa wamerushiana beti miaka mingi, juu ya chai ya nani ina maziwa mengi, juu ya nani anaharibu Kiswahili, juu ya nani anachelewa zaidi kwenye misiba. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Kila mmoja alimjua mwenzake kwa vina vyake.

Basi siku Amari alipopiga simu, Bupe alifanya kosa ambalo mtu wa ukurasa wa tatu tu angelifanya.

Amari ni kijana Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu, akakipenda, akakaa nacho. Hukizungumza polepole na kwa usafi, kama mtu anayevuka sebule ya watu akiwa amevua viatu. Alikuwa akifanya kazi Maktaba ya Penhallow, maktaba ya watu binafsi katikati ya Washington.

"Shikamoo, Mama Bupe. Samahani kwa kukusumbua."

"Marahaba, mwanangu. Hunisumbui."

"Tunaandaa maonyesho. Tumepata magazeti ya zamani kutoka nyanda za juu za kusini, kule kwenu. Kila wiki yalikuwa na shairi la mzaha juu ya mambo ya wakati huo. Tungependa uje usome machache siku ya ufunguzi, na utueleze maneno ya Kiswahili yaliyomo."

Bupe hakuuliza ni magazeti ya nani. Kwake shairi la gazetini ni shairi linalojibiwa. Hakujua kuwa kuna aina nyingine. Alikubali papo hapo, akamwambia Eliudi atangaze, na Jirani la mwezi ule likawaalika wote, wa Maryland na wa Virginia, waje kusikia jinsi wazee walivyokuwa wakitaniana zamani.

Kurasa zilimfikia kwenye simu asubuhi moja, akiwa ameegesha basi tupu, akisubiri zamu ya mchana. Alimimina chai kutoka kwenye chupa, akavaa miwani, akaanza kusoma.

Lilikuwa gazeti la walowezi. Mji wao mdogo ulikuwa na klabu, kanisa, uwanja wa tenisi na mashamba ya kahawa, na kila wiki mtu aliyejiita Kiko aliutungia utani kwa Kiingereza. Alimtania gavana aliyekuja kufungua daraja, akakuta mto umelichukua usiku wa kuamkia sherehe. Bupe alicheka mpaka chai ikamwagika. Huyu bwana alijua kazi yake! Alimtania meneja wa benki, akamtania mchungaji aliyelala katikati ya mahubiri yake mwenyewe. Na kila wiki iliyofuata palikuwa na jibu: la katibu wa gavana, la meneja, la mchungaji. Bupe aliona mambo yote yapo sawasawa. Kumbe nao walikuwa na kanuni.

Kisha akafika kwa mpishi.

Shairi lilisema kwamba mpishi wa Kiko, Gwakisa, aliomba kupumzika Jumapili. Kiko alimchapa kiboko, na jioni ile supu ilikuwa tamu kuliko zote. Hakukuwa na zaidi. Maneno ya mpishi yaliandikwa katika kile Kiswahili kibovu ambacho walowezi walikitumia kutoa amri, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa hakijui. Juu ya shairi palichorwa katuni: mtu mwenye midomo mikubwa kuliko uso, ameshika bakuli, amesimama, kwa sababu, kwa mzaha wa mchoraji, kukaa hawezi.

Bupe alitafuta gazeti la wiki iliyofuata. Akatafuta la wiki ile nyingine. Gavana alijibu, benki ilijibu, hata mbwa wa klabu alitungiwa jibu. Gwakisa hakutungiwa.

Akarudi kwa gavana, akalisoma tena shairi lile bila kucheka. Alikuwa amecheka mezani kwa Kiko. Alikuwa amemsifu.

*

Siku mbili baadaye alikuwa kwenye maktaba ile ya Washington, mbele ya Lorraine, msimamizi wa maonyesho. Amari alikaa pembeni akitazama viatu vyake. Ukutani nyuma ya Lorraine katuni ile ilikuwa imekuzwa ikafikia urefu wa mlango.

"Huyu Gwakisa ni ndugu yako?" Lorraine aliuliza kwa Kiingereza. Sauti yake ilikuwa ya upole sana, sauti ya mtu anayejiandaa kutoa pole.

"Hapana."

"Labda ni wa kijiji chenu?"

"Sijui. Kwetu akina Gwakisa ni wengi."

"Ah," akasema Lorraine, na uso wake ukapata nafuu, kama wa mtu aliyegundua kuwa mbwa amefungwa. "Nilidhani ni jambo la kifamilia. Naelewa kwamba shairi linaumiza. Lakini hii ni kejeli ya wakati wake. Wageni wetu wana akili ya kutosha kuona wenyewe."

"Waone nini?"

"Jinsi watu wa wakati ule walivyofikiri."

"Kiko wanamwona. Gwakisa alifikiri nini?"

"Kwa bahati mbaya hakuna maandishi yake."

"Ndiyo ninachosema mimi. Gavana kajibu, mchungaji kajibu, mbwa kajibu. Mmeweka jibu la mbwa kwenye kioo. Niacheni nimwandikie Gwakisa lake, mliweke pembeni ya lile."

Lorraine aliandika kitu kwenye karatasi yake. Alieleza kuwa ndani ya kabati la kioo huwekwa vitu vya asili tu, na kwamba hata hivyo wametenga ukuta wa maoni, hapo karibu na pa kutundikia makoti, ambapo kila mgeni anaweza kubandika kikaratasi cha rangi na kusema hisia zake.

"Kiko akae kwenye taa," Bupe alisema taratibu, "na Gwakisa kwenye makoti?"

"Mama Bupe, programu imeshachapwa."

Amari alimsindikiza mpaka nje. Mlangoni alisema, "Mama, nisamehe. Nilifikiri ungefurahi kwa sababu ni mashairi."

"Na mimi nilifikiri hivyohivyo, mwanangu. Tumekosea wote." Kisha hasira ikampanda upya. "Lakini wewe umelisoma kabla yangu. Umelisoma, ukanipigia simu, ukaniamkia."

Akamwacha pale mlangoni.

Nyumbani, mwanawe Isack aliisikiliza habari nzima huku akila, akajibu kwa Kiingereza kama kawaida yake: kwani huyo mtu alikuwa mjomba wetu?

"Kumbe lazima awe mjomba!" Bupe alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. "Mtu akipigwa kwa kutaka kupumzika, mpaka tutafute ukoo ndipo tukasirike? Na asiyekuwa na ukoo Lanham, huyo achekwe tu?"

Isack aliacha kutafuna. Hakuwahi kuona vikombe vikiruka katika nyumba ile.

Eliudi naye alisema, "Dada, tujitoe. Nitatangaza kuwa tumegoma." Bupe karibu akubali. Alikuwa ameshaanza kuandika tangazo la kugoma pale simu ilipolia, ikiwa na namba ya Virginia asiyoijua.

"Wee Bupe. Eliudi ameniambia ati umesalimu amri."

"Nani mwenzangu?"

"Nani mwingine anaweza kukuongelesha hivi? Ni Aketch, bana. Si ulisema kwenye gazeti sauti yangu ni ya kuku anayetaga? Sasa isikie."

Bupe alicheka bila kupenda. "Ni ya kuku kweli."

"Sawa. Sasa niskize. Ukigoma, watafanya nini? Watasoma hiyo kitu bila wewe. Watacheka, watakula, wataenda nyumbani. Gwakisa atachekwa mara ya pili, na safari hii wewe ulikuwa na nafasi na ukakaa kwako ukinuna."

"Nifanye nini? Wamekataa jibu."

"Andika kwanza. Lakini huwezi kumjibu mtu ambaye watu wetu hawajamsikia. Mlete Kiko kwa Kiswahili, mzima, na mizani yake, asipungukiwe hata kina kimoja. Halafu umjibu."

"Yaani nimpambie matusi yake?"

"Ndiyo. Ukimpunguza, utakuwa umepigana na kilema."

Kazi hiyo ilimtesa Bupe kuliko yoyote aliyowahi kuifanya. Alikaa ndani ya basi lililoegeshwa, akimtafutia Kiko maneno mazuri. Kila kina kilipoingia mahali pake, mkono wake ulifurahi kwa mazoea, na yeye akauchukia mkono. Alipomaliza, ubeti ulikuwa huu:

Mpishi wangu Gwakisa, Jumapili alitaka
Apumzike kabisa, na moto ukizimika
Kiboko kikamnasa, ruhusa ikamtoka
Supu ya jioni hiyo, haikupata kifani.

Alimsomea Aketch kwa simu.

"Ni tamu," Aketch alisema. "Shetani wewe, ni tamu sana. Sasa jibu."

Wakagombana juu ya jibu. Aketch alitaka Gwakisa awe na msiba: aliomba Jumapili ili amzike mtoto wake. "Watalia wote, hata huyo Lorraine."

"Hapana," Bupe alisema.

"Kwa nini?"

"Hatujui kama alifiwa. Halafu, lazima afiwe ndipo apumzike? Alichoka. Mtu aliyesimama jikoni wiki nzima amechoka. Wewe ukitoka zamu ya hospitali, huwa unaleta maiti mlangoni ndipo mumeo akuache ulale?"

"Wee mwanamke," Aketch alisema taratibu, "andika hivyo."

Mistari mitatu ilikuja. Wa nne, wa kibwagizo, ulikataa. Ulipaswa kuanza na supu ya Kiko na kumalizia na kitu ambacho Kiko hangekitegemea. Bupe aligonga usukani wiki nzima, kwenye kila taa nyekundu kati ya kituo na shule, na kila alichokipata kilikuwa chepesi. Siku ya ufunguzi ilifika shairi likiwa na nusu ya mstari pungufu.

*

Ilikuwa Jumamosi mchana. Watu wa Jirani walikuja kwa wingi, wamevaa vizuri, kwa sababu Bupe hakuwa amewaambia kitu. Alitaka walisikie shairi la mpishi kama yeye alivyolisikia. Walikaa nyuma. Mbele walikaa wafadhili wa maktaba. Wahudumu walipita na trei za vikombe vidogo, na Bupe alipochungulia ndani ya kikombe kimoja alikuta supu.

"Ni wazo la jikoni," Lorraine alimnong'oneza akitabasamu. "Kwa heshima ya shairi maarufu."

Bupe alikirudisha kikombe kwenye trei kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu mkono wake ulitaka kufanya jambo jingine.

Amari ndiye aliyepangiwa kuanza. Alisoma shairi la gavana, ukumbi ukacheka. Akasoma la benki. Alipofika kwenye shairi la mpishi, ambalo programu ilisema atalisoma "kwa lafudhi ya zamani", alisimama, akaikunja karatasi. "Hili atalisoma Mama Bupe," alisema. Lorraine aliinua kichwa.

Bupe alikwenda mbele na kulisoma shairi la Kiko kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya basi, bila kuigiza. Huku nyuma watu wake walianza kutikisa vichwa kwa utamu wa vina, na katikati ya mstari wa tatu vichwa vikasimama. Huko mbele, wafadhili, waliokuwa na Kiingereza chake mikononi mwao, walifika mwisho wa karatasi wakacheka. Palipaswa kuchekwa, wakacheka.

Kicheko hicho kilipita juu ya kimya cha nyuma kama chombo kinachoburuzwa sakafuni.

"Huyo alikuwa Kiko," Bupe alisema. "Sasa anayefuata ni Gwakisa."

Nakujibu ni Gwakisa, Kiko uliyenicheka
Sikuomba kwa mkasa, nilichoka, nimechoka
Fimbo yako ya kutesa, gazetini waiweka
Supu ya jioni hiyo,

Akanyamaza. Hakuwa na neno. Alitazama nyuma, na kwenye safu ya mwisho mwanamke mrefu mwenye koti la kijani alikuwa amesimama. Bupe hakuwahi kumwona, lakini sauti alikuwa akiijua.

"Nani alimla nani?" aliuliza Aketch.

Ukumbi wa nyuma ukalipokea. "Supu ya jioni hiyo, nani alimla nani!" Wakalirudia, wakalirudia tena, Wakenya, Watanzania na mzee mmoja Mkongomani anayewanyoa nywele, wakipiga miguu chini.

Wafadhili walipiga makofi. Ndiyo, walipiga makofi. Mmoja aliinua kikombe chake kama anayemtakia mtu afya. "Mazungumzo mazuri kabisa baina ya tamaduni!" alisema Lorraine, akawakaribisha wote kwenye viburudisho.

"Bado," Bupe alisema. Alimgeukia Amari. "Waambie wamepigia makofi kitu gani."

Kwa hilo Amari angeweza kufukuzwa kazi, na kila mtu aliyemtazama aliliona hilo usoni mwake. Alilitafsiri jibu kwa Kiingereza, mstari kwa mstari, akisubiri kila mmoja utue. Alipofika kwenye swali la mwisho hakuongeza sauti. Waliokuwa na vikombe vya supu walivitazama, na hakuna aliyejua aviweke wapi. Wahudumu walikuwa wameshaondoka na trei.

Lorraine alimfuata Bupe kando ya kabati la kioo. Shingo yake ilikuwa imeiva. "Tungeweza kuzungumza kabla. Nitalipeleka suala hili kwenye kamati."

"Tulizungumza kabla. Ulinipa ukuta wa makoti."

Bupe alitoa Jirani jipya kwenye mkoba wake. Eliudi alikuwa amelichapa asubuhi ile, Kiko kushoto, Gwakisa kulia, herufi za ukubwa uleule, na nusu ya mstari imeachwa nyeupe. Akaiandika nusu hiyo kwa kalamu, akaliweka gazeti juu ya kioo, kando ya shairi la kwanza. Mlinzi alisogea, mzee mwenye adabu.

"Mama, samahani. Hairuhusiwi kuweka kitu juu ya kioo."

"Inaruhusiwa kusimama hapa?"

Mlinzi alifikiri. "Kusimama inaruhusiwa."

"Basi nitalishika."

Akaliinua kwa mikono miwili, usawa wa macho, sawasawa na karatasi ya Kiko iliyokuwa ndani, chini ya taa ileile. Aliyekuja kusoma la kwanza alilazimika kusoma na la pili. Wengine walisoma wakaondoka haraka. Mwanamke mmoja alisoma, akarudi mwanzo, akasoma tena. Lorraine alisimama mbali, simu mkononi, hakumpigia mtu.

Mikono ya Bupe ilianza kuuma. Ilikuwa imeshika usukani wiki nzima. Alifikiri: nikishusha sasa, watasema tuliona, alishusha mwenyewe.

Koti la kijani likasimama ubavuni pake.

"Nipe," alisema Aketch.

"Bado naweza."

"Sijakuuliza kama unaweza. Umechoka?"

Bupe alitaka kueleza habari ya basi, ya wiki, ya mstari uliokataa. Kisha akaona hapana haja.

"Nimechoka," alisema.

"Basi nenda ukakae."

Aketch alilipokea gazeti pale pale hewani, lisishuke hata kidogo. Nyuma yake Eliudi alikuwa ameshajipanga, na nyuma ya Eliudi yule mzee Mkongomani, na Isack, na wengine. Bupe alitafuta kiti katikati ya ukumbi, akakaa, akavua viatu.